Sura ya Sita: Hadi Mwisho wa Mkataba

Mwajiri nchini Kongo haulizwi kama angependa kumtibu mfanyakazi wake. Sheria ya kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, imekwisha kumjibia. Kifungu cha 178 kinamtaka agharamie maradhi ya mfanyakazi na ya familia yake: daktari, meno, upasuaji, dawa, kulazwa, hata safari ya kufika kwa mganga. Ni wajibu mzito kuliko wa waajiri wa nchi nyingi tajiri. Lakini ndani ya kifungu hicho mna maneno manne ambayo wengi huyaruka: hadi mwisho wa mkataba.

Kasha iko upande wa Bagira, pale mji wa Bukavu unapoanza kuchanganyika na mashamba ya Kabare. Wako huko watu wenye mkataba wa kiwanda, wa shule au wa hospitali, na wako walio wengi zaidi, vibarua, wachuuzi na wakulima wa mihogo na maharage, wasio na mkataba wowote. Katika nyumba mbili zinazopakana, homa ya mtoto ni boni, karatasi ya kutibiwa, ya kusainiwa ofisini kwa mmoja na ni deni la miezi kwa mwingine. Na yule wa boni anaweza kuhamia upande wa yule wa deni kwa siku moja, kwa barua moja.

Sura hii inaeleza jinsi waajiri wanavyopanga na kuendesha marupurupu ya wafanyakazi: matibabu, nyumba, nauli, likizo, mazishi, uzeeni. Hoja yake ni kwamba tumezoea kuyapima kwa ukubwa wake mtu akiwa kazini, ilhali kipimo cha haki ni kile kinachobaki mkononi mwake akishatoka.

Nyumba, posho, na somo la Zaire

Nyumba za Bagira zilizopangwa kwa mistari ni marupurupu yaliyojengwa kwa tofali. Katika Mpango wa Miaka Kumi wa Wabelgiji, ulioanza mwaka 1949, iliundwa mwaka 1952 ofisi maalumu ya kujenga miji ya Waafrika, OCA, na Bagira ni mojawapo ya kazi zake. Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kujaribiwa Katanga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière iliacha kuchukua watu kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini. Ikaanza kuwapa nyumba, posho ya chakula, zahanati na shule ili mchimbaji aje na mkewe na akae. Haikuwa sadaka. Kumtafuta mtu mpya, kumsafirisha na kumfundisha kulikuwa ghali kuliko kumpa nyumba, na mtoto aliyekulia kambini alikuwa mfanyakazi wa kesho.

Mpango wowote wa marupurupu una hesabu ya namna hiyo chini yake, na mfanyakazi anayeijua hesabu hiyo hujadiliana vizuri kuliko anayedhani anapewa zawadi. Mwajiri hutoa marupurupu kwa sababu tatu: sheria inamlazimisha, anaogopa kuwapoteza watu waliokwisha kujua kazi, au anaogopa siku za kazi zinazopotea kwa ugonjwa. Sababu ikiisha, marupurupu huanza kupungua. Gécamines, iliyorithi mali za Union Minière, iliendelea kwa muda mrefu na unga, hospitali na shule zake. Iliposambaratika, watu 10,655 waliondoka mwaka 2003 na 2004 katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Walipewa pesa ya mkupuo. Mfumo mzima uliokuwa umewashika tangu kuzaliwa hadi kuzikwa haukuingia katika bahasha hiyo.

Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilifundisha somo jingine, la pesa. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mchango wa uzeeni uliokatwa kwa uaminifu miaka mingi ukawa tarakimu tupu, na pensheni iliyohesabiwa kwa mishahara ya zamani haikununua kitu sokoni. Katika nyakati kama hizo mfuko wa unga hubaki mfuko wa unga, na sindano hubaki sindano. Ndiyo sababu kizazi kizima cha wafanyakazi kilijifunza kudai kitu na kutilia shaka ahadi: bora mwajiri anitibu leo kuliko aniwekee akiba ya kesho. Ni busara iliyolipiwa kwa uchungu, na mwisho wa sura tutaona inapomponza mtu.

Nani anahesabiwa?

Afisa wa wafanyakazi anayekaa chini kupanga matibabu hukutana kwanza na suala la familia, kabla ya suala la pesa. Sheria inamtaja mume au mke, watoto, watoto wa kupanga, na wale ambao mfanyakazi ana ulezi wao au anadaiwa matunzo yao kisheria, maadamu hawajaoa wala kuolewa. Wazazi hawamo. Mpwa anayelala sebuleni tangu vita vimfukuze kijijini hamo, isipokuwa ulezi wake uwe na karatasi.

Hapo ndipo ofisi na maisha hupishana. "Patroni, mama mzazi amelazwa" ni sentensi ambayo kila meneja wa Bukavu ameisikia, na kitabu cha kanuni hakina jibu lake. Katika familia za Bushi, eneo hili la kuzunguka Bukavu, mtoto mwenye mshahara ndiye hospitali ya wazazi wake. Akikataliwa boni atakopa, au atamwandikisha mama yake kwa jina la mkewe. Na mkewe mwenyewe, kama ndoa imeishia kwenye mahari na haijafika kwenye ofisi ya serikali, anaweza kukataliwa siku ya uchungu.

Waajiri wanaopanga vizuri hushughulikia mambo haya mapema, kwa maandishi. Huweka orodha ya wategemezi inayohakikiwa mara moja kwa mwaka, kila mtu na picha yake. Huwasaidia wafanyakazi kuandikisha ndoa na kuzaliwa kwa watoto kabla ugonjwa haujabisha hodi. Kwa wazazi hufungua mlango mdogo ulio wazi: mkopo usio na riba unaokatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, au nafasi ya kuwaingiza wazazi kwenye mutuele, chama cha kuchangia matibabu, kwa mchango wa mfanyakazi mwenyewe. Mlango mdogo ulio wazi hupunguza udanganyifu kuliko ukuta mrefu, kwa sababu wengi wanaodanganya hawafuati faida, wanaye mgonjwa.

Njia nne za kulipa

Tuchukue mfano wa kubuni: karakana ya watu 20, kila mmoja na mke na watoto wanne. Mwenye karakana anadhani ameajiri watu 20, kumbe kwa upande wa matibabu amejitwisha watu 120. Mwezi mmoja unapita kwa malaria mbili na kikohozi. Mwezi unaofuata wanawake watatu wanajifungua, mmoja kwa upasuaji, na mtoto anavunjika mguu. Shida yake kubwa ni hii ya gharama kutojua kalenda. Jumla ya mwaka mzima pengine angeimudu.

Njia ya kwanza ni kulipa mwenyewe kila bili inapokuja. Hakuna mchango wa mwezi, hakuna mtu wa kati, na mwezi mwepesi faida inabaki kwake. Mwezi mzito, mgonjwa aliyepona hubaki kitandani kwa sababu hospitali haimwachii atoke kabla bili haijalipwa, jambo linalojulikana sana katika hospitali za Kongo. Njia ya pili ni mapatano na hospitali moja au mbili: mfanyakazi anakwenda na boni, hospitali inatuma hesabu mwisho wa mwezi. Ni njia ya viwanda vingi, na ubora wake hutegemea mambo mawili madogo: nani anasaini boni, na kama anapatikana usiku wa Jumamosi. Boni inayosubiri saini ya mkurugenzi aliyesafiri haimponyi mtu.

Njia ya tatu ni mutuele ya afya. Kusini mwa Kivu mutuele zimekua kwa msaada wa ofisi ya afya ya Kanisa Katoliki, BDOM. Kanuni yake ni kwamba kaya nzima inachangia kwa mwaka, na mgonjwa analipa sehemu ndogo ya bili huku mutuele ikilipa sehemu kubwa. Kuandikisha kaya nzima kuna sababu. Kila mtu akiruhusiwa kuingia peke yake wataingia wagonjwa watupu, na sanduku litakauka kabla ya Pasaka. Kwa sababu hiyo hiyo kuna muda wa kungoja kabla ya kadi kuanza kufanya kazi. Walimu nao wana mutuele yao ya kitaifa, MESP, inayokata mchango moja kwa moja kwenye mshahara.

Njia ya nne ni bima. Tangu mwaka 1966 SONAS, kampuni ya serikali, ilikuwa peke yake sokoni. Sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 iliuvunja ukiritimba huo, na kampuni binafsi zilipopata vibali zikaanza kuwauzia waajiri bima ya matibabu. Bima hugeuza gharama isiyojua kalenda kuwa kiasi kinachojulikana kila mwezi. Lakini mkataba wa bima una dari: ukifika kiasi fulani, au ugonjwa fulani, unaishia hapo. Wajibu wa mwajiri kwa kifungu cha 178 haupungui kwa sababu tu kampuni ya bima imeweka dari. Mwajiri asiyeliona hilo hugombana na mfanyakazi, wote wawili wakiwa na karatasi mkononi.

Kuchagua kati ya njia hizi si suala la wema. Kiwanda kikubwa chenye watu mia kadhaa kinaweza kubeba miezi mizito kwa kuisawazisha na miepesi. Karakana ya watu 20 haiwezi, ndiyo maana inapaswa kuungana na wengine. Mwajiri mdogo anayejitapa kwamba kwake "tunalipa kila kitu" ndiye wa kuogopwa zaidi, kwani ahadi yake inasimama juu ya bahati.

Dawa ya maisha, kazi ya muda

Ugonjwa mmoja uliilazimisha Bukavu kufikiri zaidi ya bili ya mwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, UKIMWI ulikuwa ukiua mafundi, madereva na wasimamizi, na dawa za kupunguza makali zilikuwa ghali mno. Mwaka 2001 Heineken, yenye viwanda vya bia Rwanda, Burundi na Kongo, iliamua kuwalipia dawa hizo wafanyakazi wa viwanda vyake vya Afrika, pamoja na wenzi wao na watoto wao, ikisaidiwa na shirika la Kiholanzi PharmAccess. Ilianzia Rwanda na Burundi, kisha ikafika Kongo, ambako wakati huo Heineken ilimiliki Bralima, kampuni iliyokuwa na kiwanda mjini Bukavu.

Pharmakina, kiwanda cha kwinini cha Bukavu, kilikwenda kwa njia yake. Mwaka 1999 kilikuwa kimetoka mikononi mwa Boehringer Mannheim na kununuliwa na mameneja wake wawili. Kilipoona wafanyakazi wake wanaugua, kiliamua kutengeneza dawa yenyewe papo hapo, na mwaka 2005 kikaanza kutoa vidonge vilivyoitwa Afri-vir. Ni mara chache rupurupu la wafanyakazi kugeuka bidhaa ya kiwanda.

Kwa mpangaji wa marupurupu, mkasa huu uliweka wazi ufa uliokuwamo siku zote. Malaria hutibiwa kwa siku chache na hufungwa ndani ya mkataba. Dawa za UKIMWI hunywewa maisha yote. Mwajiri anayemwanzishia mtu dawa hiyo hujua kwamba siku ya barua ya kuachishwa itakuja kabla ya siku ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo swali la nani ataendelea kulipa lazima lijibiwe siku ya kwanza, kwa maandishi: kampuni, serikali, au mradi wa wafadhili. Kisukari na shinikizo la damu vinauliza swali hilo hilo leo, kwa sauti ndogo zaidi, na mipango mingi bado haijavisikia.

Watu 168

Katika miaka hiyo hiyo, ndani ya kampuni ya bia, kulikuwa na hesabu nyingine. Kati ya mwaka 1999 na 2003, mashariki mwa Kongo ikiwa chini ya waasi wa RCD-Goma, Bralima iliachisha watu kazi Bukavu. Desemba 2015, wafanyakazi wa zamani 168 walipeleka malalamiko Uholanzi, kwenye ofisi inayosimamia miongozo ya OECD kwa kampuni za kimataifa. Walidai waliachishwa isivyo halali, na kwamba kampuni ilishirikiana na utawala wa waasi. Pande mbili zilikaa mezani chini ya upatanishi wa ofisi hiyo, na Agosti 2017 ikatangazwa kwamba zimeafikiana. Ofisi hiyo pia iliitaka Heineken iwe na sera ya kuendesha biashara katika nchi zenye vita.

Sheria ya Kongo inamtaka mwajiri anayepunguza watu wengi kwa sababu za kiuchumi apate ruhusa ya mamlaka ya kazi. Sasa, mamlaka ni ipi pale wenye bunduki wanapokuwa wengine na wenye sheria wengine? Mfanyakazi hana ubavu wa kulijibu swali hilo. Anachoona ni kwamba boni imekoma na nyumba inadaiwa. Kati ya kuachishwa kazi na maafikiano ilipita zaidi ya miaka kumi. Katika muda huo watoto huzaliwa, huugua, huacha shule. Haki iliyokuja baadaye haikuweza kurudi nyuma kuwalipia.

Mwaka 2025 historia ilipita mlango ule ule. Februari waasi wa M23 waliingia Bukavu, benki zikafunga, na mwezi Juni Heineken ikatangaza kwamba imepoteza udhibiti wa vituo vyake vya Bukavu na Goma na imewaondoa watu wake. Kwa mpangaji wa marupurupu katika Kivu, vita si tukio la nadra linalowekwa kwenye tanbihi. Mpango wenye akili una ukurasa wake: mishahara italipwa kwa njia gani benki zikifunga, boni zitasainiwa na nani ofisi ikihamishwa, na ni miezi mingapi ya matibabu inayoendelea baada ya kazi kusimama.

Siku ya 22

Kuna watu wa Kasha ambao hayo yote hayawahusu, kwa sababu hawajawahi kupata mkataba. Wanaingia kiwandani asubuhi kama vibarua, wanalipwa jioni. Hata hivyo kifungu cha 40 cha sheria ya kazi kinawajua: kibarua akifikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho, na haki zote zinamfuata. Ndiyo maana mwajiri mjanja huhesabu siku kwa uangalifu kuliko anavyohesabu mifuko. Kibarua anapaswa kuhesabu naye, kwenye daftari lake, tarehe kwa tarehe, na jina la msimamizi pembeni.

Wakati akingoja, hujitengenezea marupurupu yake. Likilimba, mchango wa zamu, humpa pesa ya mkupuo zamu yake ikifika. AVEC, chama cha kuweka na kukopa, huwa na sanduku la pembeni la magonjwa na matanga. Mambo haya waajiri wanaweza kujifunza: masharti yanajulikana na wote, hesabu husomwa hadharani, na pesa hutoka siku ile ile. Kasoro yake ni udogo. Sanduku la akina mama 25 wa mtaa mmoja haliwezi kubeba saratani, wala kipindupindu kinachoingia nyumba zote wiki moja. Hapo linahitajika sanduku kubwa kuliko mtaa na kuliko kiwanda.

Karatasi isiyopendwa

Sanduku hilo lipo, nalo ndilo lisilopendwa kuliko yote: sanduku la taifa la hifadhi ya jamii, CNSS. Lilianza mwaka 1961 kwa jina la INSS, na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ikalipanga upya. Kila mwezi linadai asilimia 18 ya mshahara: mwajiri 13, mfanyakazi 5. Asilimia 10 kati ya hizo ni za uzeeni, nusu kwa nusu, 6.5 ni za familia, 1.5 ni za ajali na magonjwa ya kazini. Kwa mshahara wa dola 200, mfanyakazi anakatwa dola 10 na mwajiri anaongeza 26.

Mfanyakazi huziona dola 10 zikiondoka na hazioni zikirudi. Mwajiri huziona 26 kama kodi. Basi wawili hawa, wanaogombana kila siku juu ya boni, hujikuta wakikubaliana kimyakimya: tuandikishe mshahara mdogo, au tusiandikishe kabisa. Kumbukumbu ya mwaka 1994 inawapa sababu, na sababu hiyo si ya kipuuzi. Lakini tazama kilichotokea kwa kila kitu kingine katika sura hii. Nyumba ni ya kampuni. Boni hufa na barua ya kuachishwa. Bima ya kundi huisha mtu akitoka kundini. Miezi iliyochangiwa CNSS peke yake ndiyo huandikwa kwa jina la mfanyakazi, na kumfuata kutoka kiwanda hadi shule, kutoka Bukavu hadi Lubumbashi. Pensheni inahitaji umri wa miaka 60 na miezi 180 ya michango, yaani miaka 15, na miezi hiyo inaweza kukusanywa kwa waajiri kumi.

Mwajiri anayetaka kujua kama mpango wake ni mzuri asihesabu alichotumia mwaka huu. Achukue jina la mtu aliyeondoka mwaka jana, aulize: alitoka na nini? Kama jibu ni miezi yake yote imeandikishwa kwa mshahara wake halisi, karatasi ya utumishi imesainiwa, na matibabu ya mkewe aliyekuwa na mimba yaliendelezwa hadi ajifungue, mpango huo ni mzuri hata kama hauna nyumba wala gari. Na mfanyakazi asingoje kuulizwa. Mwaka usiishe hajakwenda CNSS na namba yake kuona miezi mingapi imeingia kweli, kwa sababu mwezi uliopotea hudaiwa kwa urahisi mwajiri akiwa bado yupo, mlango wake ukiwa wazi, na mhasibu wake akiwa bado anakumbuka jina lako.